Kidole kipo, mashine imekikataa

Kijana wa dukani alikamata kidole gumba cha mama mkubwa, akakifuta kwa pindo la fulana yake, akakibandika juu ya kioo cha kimashine chake, taa ikawaka nyekundu. Akahamia cha shahada. Nyekundu. "Bibi, hebu jipanguse hapa kwenye paji la uso, kidole kipate mafuta kidogo," akamwambia, na mama mkubwa akajipangusa kama alivyoambiwa, akarudisha kidole, nyekundu tena, na foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

Vilijaribiwa vyote kumi. Likaja kopo la Vaseline, kikaja kitambaa cha maji, mara abonyeze kwa nguvu, mara aegeshe tu taratibu. Mwisho yule kijana akanigeukia mimi, sio yeye, akasema bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu ambaye hayo maneno kashayazoea:

"Kaka, bibi hana vidole huyu."

Vidole vilikuwa pale pale juu ya kaunta. Vyote.

Hiyo kauli imenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Tulikuwa tumetoka kijijini alfajiri kuja Korogwe mjini kurenew laini, basi, simu iliingia maji na laini ikafa, na kwenye hiyo laini kulikuwa na hela yake, hela halali, ya mahindi aliyouza pamoja na kidogo wanachomtumia watoto. Kitambulisho cha taifa anacho, kadi yenyewe, ina picha yake, na mwenye sura ile ile kakaa mbele yako anakutazama. Hela haikutoka.

## Mikono ilikopita

Mama mkubwa kaingia kwenye mkonge akiwa binti. Anayeijua Tanga anaijua hiyo kazi, majani yanaingia korona, mashine ya kusagia mkonge, zinatoka singa mbichi, yaani nyuzi, zinazowasha mpaka kwenye kwapa, unazibeba unaenda kuzianika kwenye waya juani, zikikauka unazikusanya kwa mikono mitupu, kesho tena. Baada ya mkonge likaja jembe. Halafu miaka na miaka ya kusugua masufuria kwa majivu na kufua kwa sabuni ya mche. Ukimpa mkono unakutana na ngozi ngumu lakini laini juu, inateleza, huoni michirizi mpaka uigeuze kwenye mwanga.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma. Ile michirizi ya vidole mtu anaipata akiwa bado tumboni, na mchoro unabaki ule ule maisha yote, hilo ndilo lililowafanya watu waiamini. Ila mchoro kutobadilika haina maana hausagiki. Mashine inachotafuta ni vituo vidogo vidogo, mahali mchirizi unapoishia, mahali unapogawanyika kama njia panda, inavipanga halafu inalinganisha na vile ilivyowekewa mwanzo. Ngozi ikizeeka inakauka, inapoteza mnyumbuko, matuta yanalala. Saruji inayala. Chokaa inayala. Sabuni kali inayala. Kuna dawa ya saratani inaitwa capecitabine inaweza kuyafuta kabisa, na mwaka 2008 mzee mmoja wa Singapore aliyekuwa akiitumia alizuiwa masaa manne uwanja wa ndege Marekani kwa sababu vidole vyake havikuonyesha kitu.

Sasa kaa chini uorodheshe wanaokataliwa. Mkulima. Fundi ujenzi. Mama wa kufua. Mchimbaji. Mzee. Mgonjwa. Mimi ninayeshinda kwenye kompyuta kidole changu kinapita mara ya kwanza kila siku ya Mungu.

Yaani kadri mikono yako ilivyofanya kazi ndivyo mashine inavyozidi kutokujua.

## Njia ya maswali

Njia ya pili ilikuwepo, lazima niseme. Alikuja dada mmoja msimamizi, mpole, akampa mama mkubwa shikamoo na kiti, akasema kidole kikigoma kuna maswali, ukijibu sawa unapita.

Shule ya msingi uliyosoma inaitwaje?

Mama mkubwa hakusoma. Akasema hivyo.

Mama yako alizaliwa mwaka gani?

Akaanza kueleza, mama yake alikuwa mtoto wa kunyonya wakati wa nzige, na dada akawa anasubiri tarakimu nne. Wakati wa kuandikishwa kitambulisho fomu ilijazwa na kijana wa pale kijijini aliyekuwa anajazia watu wote, na kwenye nafasi kama hizo aliandika anachojua yeye ili fomu isirudishwe. Kwa hiyo mama mkubwa alivyojibu ukweli, ukweli ukahesabiwa kosa, na jibu sahihi lilikuwa la mtu mwingine ambaye hata hakumbuki aliandika nini.

Hapa ndipo nilipoanza kusumbuka kweli. Maana mpaka hapo hakukuwa na mtu mbaya. Kijana alikuwa mvumilivu, dada alikuwa mpole, kimashine kilifanya kilichotengenezwa kufanya, na mzee hakupata hela yake.

## "Weka cha kwako, anko"

Tulivyotoka nje, kijana wa mwavuli akatuita. Alishaona. Akasema anko mbona mnahangaika, nunua laini mpya, weka kidole chako, mpe bibi atumie, dakika tano. Hakuwa anafanya siri. Wazee wengi wa kijijini kwetu ukiuliza laini ya nani utaambiwa ni ya mtoto, ya mjukuu, ya mpangaji aliyehama.

Ndicho kilichofanyika, kwa kidole cha mjukuu wake. Hela ya laini ya zamani ilipatikana baadaye, kwa barua, nakala, kurudi mjini tena, na huruma ya mtu mmoja aliyeamua kutusaidia. Narudia hilo neno, huruma. Ingekuwa zamu ya mtu mwingine nisingejua leo naandika nini.

Na sasa hivi mama mkubwa anahifadhi akiba yake kwenye laini ambayo kisheria si yake. Huyo mjukuu ni mtoto mzuri, simsemei vibaya. Lakini akigombana na bibi yake? Akifa kwa ajali ya bodaboda, hela ya bibi inaingia kwenye mirathi ya mjukuu? Laini ikifa tena itabidi atafutwe aje na kidole, na yeye kashaenda kutafuta maisha Dodoma.

Halafu angalia kilichotokea kwenye kumbukumbu zenyewe. Lengo lote la kusajili kwa vidole lilikuwa nchi ijue kila laini ni ya nani. Mtu mkweli, mwenye kitambulisho halali, aliyekuja mwenyewe mpaka kaunta, mfumo ukamkataa ukamsukuma kwenye uongo, na huo uongo ukapokelewa taa ikawaka kijani.

## Kwa nini tulisajili

Msinielewe vibaya, mimi nilikuwa upande wa usajili na bado nipo. Ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikafika 20 Januari 2020. Zile foleni wote tunazikumbuka, sina haja ya kuzisimulia. Niliunga mkono kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mtu aliyelizwa na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na waliokuwa wanalizwa zaidi ni hao hao wazee.

Meseji bado zinakuja. Unazituma 15040, laini inafungwa, kesho inakuja nyingine. Na zinatoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole, vidole vya watu wanaosoma vizuri tu na ambao hawajui. Mchezo wenyewe mnaujua: wakala anakwambia "haijasoma, rudia", wewe unarudia kwa nia njema, kumbe ya kwanza ilisoma na hiyo ya pili inasajili laini nyingine anayoenda kuiuza. Ndio maana tuliambiwa tupige *106# kuangalia laini zilizo kwenye jina letu.

Mtu mwenye vidole vyenye afya akiambiwa arudie mara ya tatu anaanza kushtuka. Mama mkubwa kaambiwa arudie maisha yake yote tangu mashine hizi zije. Atashtuka vipi?

## Chekeche

Kitu kilichonibadilisha nilikikuta kwenye maelezo ya kiufundi, na sijui kwa nini hakizungumzwi kabisa redioni wala bungeni.

Alama ya kidole haifanani asilimia mia na ile iliyohifadhiwa, kwa mtu yeyote, hata wewe. Ukiweka kidole leo kimeinama kidogo, kesho kina jasho, kila mara picha ni tofauti. Kwa hiyo mashine inatoa maksi za kufanana, na kuna mtu aliyeamua zikifika hapa inakubali, zikiwa chini ya hapo inakataa. Ni chekeche. Ukibana matundu, tapeli hapiti lakini na wazee wengi wanabaki juu. Ukiyapanua, wazee wanapita na matapeli wachache nao wanapita. Hakuna chekeche la kupitisha wema tu. Ukubwa wa tundu ni uamuzi, na uamuzi huo unafanywa na mtu aliye ofisini, na unaumiza mtu fulani kwa makusudi ya kumlinda mwingine.

Kumbe taa nyekundu haikuwa inasema "wewe si wewe". Ilikuwa inasema "sina uhakika wa kutosha, na niliambiwa nisipokuwa na uhakika mzigo ubebwe na wewe."

Huo uamuzi wa mzigo ubebwe na nani hautokani na teknolojia hata chembe. Huo ni sera. Na sera tunaruhusiwa kuihoji.

## Wahindi na Waganda

Tusijifanye sisi wa kwanza. India walianza kutoa namba ya utambulisho ya Aadhaar mwaka 2010, tarakimu 12, leo wenye nayo wamepita bilioni moja, na kidole kikawekwa mpaka kwenye duka la mgao wa chakula cha watu masikini. Tathmini ya uchumi ya serikali yao wenyewe ya mwaka 2016-17 ilitaja viwango vya uthibitisho kushindikana: Jharkhand asilimia 49, Rajasthan 37, Gujarat 6. Sio kila aliyeshindikana alinyimwa chakula, wapo waliopitishwa kwa njia nyingine, lakini uangalie hiyo tofauti ya jimbo na jimbo. Teknolojia ni ile ile. Kilichobadilika ni mtandao, umeme, mashine yenyewe, na mikono ya watu.

Septemba 2018 Mahakama Kuu Zaidi ya India ikaiacha Aadhaar iendelee kwenye misaada ya serikali, ikaikataa kuilazimisha kwenye akaunti za benki na laini za simu, na ikachukua ahadi ya serikali kwamba mwenye haki hatanyimwa kwa sababu mashine imeshindwa kumtambua. Hiyo ahadi mpaka leo inapiganiwa duka kwa duka, lakini angalau imeandikwa mahali, mtu akikataliwa ana karatasi ya kuinua.

Uganda wana mpango wa kuwalipa wazee wa miaka 80 na kuendelea shilingi 25,000 zao kwa mwezi, na ili uingie ilitakiwa uwe na Ndaga Muntu, kitambulisho chao cha taifa. Mwaka 2021 watafiti na mashirika ya haki za binadamu walitoa ripoti ikieleza wazee walioachwa nje, wengine tarehe za kuzaliwa ziliandikwa vibaya wakaonekana vijana, wengine vidole havikusomeka. Mwaka uliofuata mashirika yakaenda mahakamani. Mzee wa miaka 80 anayesubiri kesi iishe, tafakari hapo.

Na kuhusu Kenya sitasema mengi, ila Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha kadi za Huduma, vitambulisho vyao vipya, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa taarifa za watu kama sheria inavyotaka. Nchi ambayo babu zao walivishwa kipande shingoni kuanzia mwaka 1919 na 1920, chenye alama za vidole ndani yake, ili mkoloni ajue nani kakimbia shamba la mzungu, ina sababu ya kuuliza maswali ikiambiwa ilete vidole.

## Barua ya mtendaji

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

Maana jibu la haraka ni turudi kwa watu. Kijijini kila mtu anamjua mama mkubwa. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua, mtendaji anamjua, balozi wa nyumba kumi anamjua na anajua mpaka mbuzi wake. Kwa nini mashine iliyoletwa juzi iwe na neno kuliko wao? Na Zanzibar sheha ndiye anayejua nani ni nani kwenye shehia yake na mambo yanakwenda.

Nilishaanza kuandika makala hii hivyo. Nikasimama nilivyomkumbuka jirani yetu mmoja ambaye mumewe alifariki, mwenyekiti wa wakati huo alikuwa ndugu wa mume, na barua ya kumtambulisha ilichukua muda ambao barua haichukui. Kila siku mhuri haupo, kila siku mwenyekiti kasafiri. Huyo mama angeipenda sana mashine. Mashine haina ukoo, haiombi hela ya soda, haijali ulimpigia nani kura. Watu wa mjini tunaopenda kusema "zamani tulijuana" mara nyingi hatukuwahi kuwa mjane mbele ya mwenyekiti mwenye kinyongo.

Kwa hiyo siombi kimashine kitupwe. Kingetupwa, mama mkubwa angenusurika na yule jirani angeumia.

Nilichokiona baada ya kukizungusha sana ni kwamba hawa wawili wameumizwa na kitu kimoja. Mlango ulikuwa mmoja, na aliyeshika mlango akikataa hakuna pa kwenda. Mjane alihitaji mahali ambapo neno la mwenyekiti halimalizi mjadala. Mama mkubwa alihitaji mahali ambapo neno la mashine halimalizi mjadala.

## Kiandikwe

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ndani yake mna kifungu kinachogusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake bila binadamu. Kifungu kipo. Ila pale kaunta hakuna aliyewahi kukisikia, na mzee wa Korogwe hatafungua kesi kwa hela ya mahindi.

Ninachotaka kiwe kwenye kanuni, kwa Kiswahili, kimebandikwa ukutani pale pale penye bei za vifurushi. Kidole kikikataa, wajibu wa kupata njia nyingine ni wa anayetoa huduma, na ana muda maalum wa kuimaliza, sio mteja aambiwe "jaribu wiki ijayo". Mteja apewe karatasi inayosema alikuja, alikuwa na kitambulisho, mashine ilishindwa, ili akirudi asianze upya na asiitwe msumbufu. Njia ya pili isitegemee mtu mmoja, barua ya mtendaji pamoja na picha ya kwenye kadi pamoja na shahidi, viwili kati ya vitatu vitoshe, ili mwenye kinyongo mmoja asiweze kumfungia mtu.

Na kuwe na namna halali ya mtu kusaidiwa bila kunyang'anywa. Mjukuu aandikwe kama msaidizi, kidole chake kifungue, jina na hela vibaki vya bibi. Benki wana watia saini zaidi ya mmoja kwenye akaunti miaka yote, sio kitu kigeni.

Kampuni za simu nazo zitoe hesabu. Kila mwezi ni watu wangapi walibandika kidole wakakataliwa, wa umri gani, wa mkoa gani. Hizo namba mashine inazo tayari kwa sababu kila taa nyekundu inaacha alama kwenye mfumo, ni swali la kuzitoa tu. Bila hizo tutaendelea kubishana kwa visa, mimi nina cha mama mkubwa, mwingine atasema mama yake alipita bila shida, na waziri atasimama kusema zoezi linaendelea vizuri.

Nayasema sasa hivi na sio baadaye kwa sababu serikali inaandaa Jamii Namba, namba moja ya mtu tangu kuzaliwa, hospitali, shule, benki, kila kitu. Naipenda hiyo habari, nimechoka kujaza fomu kama mnavyochoka ninyi. Lakini leo kidole kikigoma mtu anakosa laini. Namba ikishakuwa moja kwa kila kitu, kidole kikigoma anakosa kila kitu kwa pamoja, tena siku moja.

Maoni ya wadau yakiitishwa nitapeleka haya kwa maandishi, na wewe mwenye mzazi ambaye vidole vyake vimekwisha kwenye jembe au kwenye saruji peleka ya kwako, taja wilaya, taja kazi aliyoifanya. Na niongeze moja ambalo najua litaonekana dogo: mtu aliyekuja na kitambulisho halali akarudishwa kwa sababu ya mashine, nauli ya safari ya pili ilipwe na mwenye mashine. Kutoka kijijini kwetu mpaka Korogwe na kurudi mama mkubwa anatumia hela ya unga wa siku kadhaa. Siku kampuni ikianza kuilipa hiyo nauli, mtaona ile njia ya maswali inavyorekebishwa haraka.